Farasi Aliyekwenda Asifike

"Ngano iko mlangoni!"

"Ipite!"

"Imekuja na kwato nne!"

"Ipite hivyo hivyo!"

"Uwongo wake kibaba, ukweli wake kijiko!"

"Koroga utupe!"

Haya, nimekoroga. Wewe uliyenyoosha miguu hapo mbele, ikunje. Na wewe unayetafuna, meza kwanza. Mimi sisimulii hadithi ya Fisi huku nasikia watu wanatafuna.

Hapo kale palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Ngurumoni. Mji wenyewe haukuwa mkubwa. Ulizungushiwa ua wa miiba, ua ulikuwa na lango moja tu, na nje ya ua palikuwa na njia iliyouzunguka mji mzima, kutoka langoni mpaka langoni. Mkuu wa mji alikuwa Jumbe Fisi. Msiniulize nani alimchagua. Alikuwa na taya la kuvunja mfupa wa nyati, na alikuwa na ndugu arubaini wenye mataya kama lake, na kwa ajili hiyo watu wote walimpenda sana.

Sasa, Ngurumoni walikuwa na mila yao. Kila Siku ya Mwaka, mnyama mmoja alizungushwa mji kwa ngoma ili mikosi yote ya mwaka uliopita imfuate yeye. Akishamaliza kuzunguka, alichinjwa langoni, na mikosi ikaisha. Nyama aliila Jumbe Fisi. Aliila kwa niaba ya mji, na hakuwahi kulalamika kuhusu kazi hiyo.

Mshika mila alikuwa Bwana Korongo, ndege mrefu aliyesimama kwa mguu mmoja na hakubadilisha mguu mpaka amalize kusema. Kila mwaka aliisoma mila mbele ya watu, neno kwa neno:

"Mnyama wa Mwaka huanza jua likichomoza. Huenda kwa miguu yake mwenyewe. Harudi nyuma, hasimami. Akisimama, huchinjwa hapo aliposimama. Akifika langoni, huchinjwa langoni. Jua likizama na mguu wake ungali unakwenda, na lango hajalifika, huyo si nyama tena, ni mwana wa mji. Na atakayemsukuma au kumvuta akiwa njiani, ameichukua nafasi yake."

Watu waliitikia "Naam!" na kwenda zao. Nani angejali hayo ya jua kuzama? Ng'ombe wote waliopita walifanya jambo moja: waliposikia ngoma waliogopa, walipoogopa walikimbia, na waliokimbia walifika mapema. Jumbe Fisi alikuwa ameshakula kabla umande haujakauka.

Mwaka mmoja ng'ombe wakaisha. Waliishia wapi, tumboni mwa nani, hilo tuliache. Jumbe Fisi akazunguka mjini akichagua mnyama wa mwaka utakaofuata, maana mila ilimpa mwaka mzima wa kumnenepesha. Akamwona mwanafarasi mmoja anaitwa Tufani.

Tufani alikuwa yatima. Mamaye alikuja na msafara wa wageni, akazaa, akafa, na msafara ukaendelea na safari. Alikuwa na miguu mirefu kuliko akili yake. Alishtuka jani likianguka, alishtuka jani lisipoanguka. Hakuwa na ndugu mjini ila bibi mmoja wa kuokota, na bibi huyo alikuwa Kinyonga.

Waliokotana hivi. Moto ulishika nyika. Kila mwenye miguu alikimbia, na Bi Kinyonga naye alikimbia. Mnajua alivyokimbia. Mguu mmoja akauinua, akaufikiria, akauyumbisha mbele, akauyumbisha nyuma, akaushusha. Moto ulikuwa umemfikia mkiani, ndipo Tufani akapita shoti, akamwona, akarudi. Akainamisha kichwa mpaka chini. Bi Kinyonga akashika manyoya ya shingo, na tangu siku hiyo hakuyaachia. Aliishi pale. Alikula nzi waliomsumbua Tufani, na Tufani alimwita Bibi.

Basi Jumbe Fisi alimtazama Tufani mara moja kwa mbele na mara tatu kwa nyuma. Akalamba mdomo, chwa! "Huyu," akasema, "ndiye wetu wa Mwaka."

Bi Kinyonga alibadilika rangi tano kwa mkupuo. Alihisi shingo ya Tufani inatetemeka chini ya vidole vyake, na moyo ukamuuma, maana hakuwa na mtu mwingine duniani. Akafikiria kutoroka. Lakini ndugu arubaini walilala kuuzunguka ua, usiku na mchana, na hakuna farasi mchanga anayeweza kuruka fisi arubaini. Akafikiria kulia. Akaona kulia kutachukua muda, naye hufanya kila kitu polepole.

Basi jicho moja akalielekeza kwa Bwana Korongo aliyekuwa anamsomea mteule mila, na jicho la pili kwa Tufani. Akasikiliza kila neno. *Mguu wake ungali unakwenda.* Akalirudia moyoni. Mila imetaka mguu uende. Haikusema uende wapi. Haikusema ufike.

"Lo!" akasema peke yake. "Mimi maisha yangu yote nimekwenda bila kufika."

Asubuhi akamfuata Jumbe Fisi barazani kwake.

"Shikamoo Jumbe."

"Marahaba. Sema haraka."

"Haraka siiwezi, Jumbe, unisamehe. Nimekuja kwa habari ya nyama yako. Umewahi kula farasi?"

"Bado."

"Pole. Nyama ya farasi ni ngumu kama kiatu. Tena ya farasi mwoga ni ngumu zaidi, hofu inaikaza. Lazima ifanyiwe kazi. Taratibu, kila siku, kushoto na kulia, mpaka ilainike."

Mate yakaanza kumtoka Jumbe Fisi. "Nani ataifanyia kazi?"

"Mimi niko pale shingoni, sina shughuli. Nipe kiwanja, nipe mtama, na ukataze watu wasitusumbue."

Jumbe Fisi hakufikiri mara mbili, na sidhani kama alifikiri hata mara moja. Akawaita ndugu zake arubaini. "Kiwanja kifagiliwe! Mawe yaokotwe! Mchuzi wangu usijikwae!"

Kiwanja kikafagiliwa. Mtama ukaja. Na Bi Kinyonga, aliyekuwa hajui kumfundisha farasi hata kupiga chafya, akaanza kazi.

Siku ya kwanza akakosea. Alikaa kichwani, akamng'ata Tufani sikio la kulia ili ageuke kulia. Tufani akapiga shoti, akavuka kiwanja chote, akasimama ghafla kwenye ua. Bi Kinyonga hakusimama.

"Bibi! Uko wapi?"

"Niko kwenye mchongoma."

"Nimekosa, Bibi?"

"Hujakosa, mwanangu. Nimekosa mimi. Nimekuomba kwa meno."

Siku ya pili akakosea tena. Akamshika kwa vidole vyote, akakaza, hakulegeza kutwa nzima. Tufani mwanzo alisikia, baadaye hakusikia tena, kama mtoto anayegombezwa tangu asubuhi mpaka jioni. Akawa anakwenda tu, macho yamezima. Bi Kinyonga akaona aibu. Akasema moyoni: hivi hivi ndivyo Jumbe Fisi anavyoutawala mji.

Siku ya tatu akakaza kidole kimoja tu cha kulia. Kidogo. Akangoja. Nyinyi mnajua kungoja? Hamjui. Bi Kinyonga akangoja mpaka nzi akatua, akaondoka, akarudi. Ndipo Tufani akageuza shingo kulia kwa kiasi cha unywele, na papo hapo Bi Kinyonga akalegeza.

Tufani akashangaa. "Bibi, mbona umeniachia?"

"Umenisikia. Nikuseme nini tena?"

Farasi akasimama akilitafakari jambo hilo. Hakuna aliyewahi kumwachia kitu kwa sababu amesikia. Akashusha pumzi ndefu, fuuu, na mgongo wake, uliokuwa mgumu kama ubao tangu siku ya moto, ukalegea chini ya tumbo la Bi Kinyonga. Bi Kinyonga akaogopa kidogo. Aliona amefungua mlango, na nyumba ya ndani ni kubwa kuliko alivyodhani.

Basi wakazunguka kulia, wakazunguka kushoto. Kesho yake wakazunguka kulia, wakazunguka kushoto. Kulia Tufani alipinda vizuri kama upinde. Kushoto aligoma kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Bibi, kushoto hakutaki."

"Basi tutakuomba tena kesho."

"Bibi, tutakimbia lini?"

"Kukimbia unakujua. Na Fisi pia anakujua."

Wakajifunza kwenda upande, miguu inapishana, bila kugeuza uso. Wakajifunza kufupisha hatua bila kuizima. Kila Tufani alipoegemea mbele, Bi Kinyonga alisogea nyuma hatua moja mgongoni akamwambia, "Mzigo uweke nyuma. Kaa kama mtu anayetaka kukaa kigodani, na hajakaa." Tufani akajaribu, akakaa kweli, matako chini, vumbi puu! Wakacheka wote wawili. Wakajaribu tena.

Kila Ijumaa Jumbe Fisi alikuja kumpapasa paja.

"Ah! Limejaa!"

"Limejaa, Jumbe, lakini halijalainika. Ongeza mtama."

Ijumaa nyingine akaja. "Ah, ah! Limejaa zaidi!"

"Limejaa zaidi, Jumbe, lakini halijalainika. Ongeza mtama."

Jumbe Fisi akaongeza mtama. Mwenyewe akarudi nyumbani akiota mchuzi, na paja la Tufani likapata nguvu ya kubeba farasi mzima juu yake.

Ikaja asubuhi moja baada ya mvua za vuli. Kiwanja kilikuwa na unyevu, kinanukia. Tufani alikuwa anakwenda mwendo wake wa mdundo, kwatu, kwatu, kwatu. Bi Kinyonga alimwomba afupishe, akafupisha. Akamwomba akae nyuma, akakaa. Akamwomba tena kidogo, kwa pumzi tu, bila kidole. Mara akahisi mgongo wa Tufani unapanda chini yake kama mkate unavyoumuka. Mguu wa mbele wa kulia ukainuka pamoja na wa nyuma wa kushoto, ukabaki hewani, ukashuka. Mguu wa mbele wa kushoto ukainuka pamoja na wa nyuma wa kulia, ukabaki hewani, ukashuka. Kwatu. Kwatu. Kwatu. Bi Kinyonga akatazama chini kwa jicho moja, akaona jani moja la muwa lililoanguka. Akatazama tena baada ya hatua kumi. Jani lilikuwa palepale.

Wanakwenda, na hawaendi.

Ulikuwa ni mwendo wake yeye Bi Kinyonga, ule uliochekwa na mji mzima tangu azaliwe: inua, yumba, ngoja, shusha. Lakini kwake ulikuwa uzembe, au hivyo alivyoambiwa. Kwa farasi ulikuwa kama ardhi imeshika mwana wake mkononi na inampandisha na kumshusha kwa mapenzi. Bi Kinyonga akabadilika rangi. Akawa wa kijani, akawa wa manjano, akawa wa rangi ambazo hakuwahi kuwa nazo na hakujua majina yake, na hakuweza kujizuia. Alilia, jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma.

"Bibi," Tufani akanong'ona, "hii ni nini?"

"Sijui, mwanangu. Usiiulize, itaondoka."

Ikaondoka vilevile. Ilidumu hatua ishirini. Na Siku ya Mwaka ilitaka kutwa nzima.

Basi, siku zikayoyoma. Hatua ishirini zikawa hamsini, hamsini zikawa mia, kisha wakaacha kuhesabu kwa sababu kuhesabu kulimfanya Tufani akaze shingo. Na Siku ya Mwaka ikafika.

Jumbe Fisi hakuwa amekula siku tatu ili tumbo lipate nafasi. Alikuja langoni na kigoda, kisu na sufuria ya kuogea watoto. Ndugu arubaini walijipanga njiani. Wanyama wote wa Ngurumoni walitoka, na ngedere wakashika ngoma. Bwana Korongo akasoma mila, neno kwa neno, na Jumbe Fisi akamwambia Bi Kinyonga, "Bibi wewe, huteremki?"

"Mimi ni mzito kwako, Jumbe?"

"Aa, kaa tu. Kupe hamzuii ng'ombe kuchinjwa."

Jua likachomoza. Ngoma zikalia: ndi-ndi-ti! ndi-ndi-ti! Tufani akashtuka. Masikio juu, mgongo ukawa ubao, miguu ikataka kukimbia. Bi Kinyonga hakumkaza. Alivuta pumzi ndefu akaishusha, fuuu, na Tufani akaisikia, naye akashusha yake. Akatoka langoni kwa hatua fupi.

Wakaenda. Hawakwenda moja kwa moja. Walikwenda upande, kutoka uani mpaka kwenye mtaro wa ng'ambo ya njia, kisha kutoka mtaroni mpaka uani, miguu inapishana kama vidole vya mwanamke anayesuka ukili wa mkeka. Hatua moja mbele, tano za upande. Jua likapanda, umande ukakauka, na wao walikuwa hata robo hawajafika.

"Mbona haji?" Jumbe Fisi akauliza langoni.

"Yuko njiani," wakamwambia.

Adhuhuri ikafika. Tumbo la Jumbe Fisi likanguruma, ngrrr! "Mbona haji?"

"Yuko njiani, Jumbe. Anakwenda."

Alasiri ikafika. Jumbe Fisi akaacha kigoda, akaenda mwenyewe kuangalia. Akakuta jambo la ajabu. Watu wake hawakuwa wanapiga kelele tena. Walikuwa wanamfuata farasi polepole, midomo wazi. Ngedere walikuwa wameacha kupiga ngoma yao, sasa wanaipiga ya Tufani; kwato ndizo zilizoongoza, nazo ngoma zikafuata. Mama Swala alikuwa amemwinua mwanawe begani aone. Tufani aling'aa kwa jasho, shingo imepinda kwa upole, macho yametulia, na kila mguu ulipoinuka watu wote walivuta pumzi, na uliposhuka wakaishusha.

Jua lilikuwa limebaki kimo cha mtu kuzama. Na lango lilikuwa limebaki hatua kumi. Njia imekwisha. Hapo upande hausaidii, kila hatua ni ya kukaribia kisu.

Bi Kinyonga akashusha pumzi. Tufani akakaa nyuma. Mguu ukainuka, ukabaki hewani, ukashuka palepale ulipotoka.

"Amesimama!" Jumbe Fisi akapiga kelele. "Kisu!"

Bwana Korongo akainamisha shingo yake ndefu mpaka chini, akatazama. "Mguu uko juu," akasema.

"Amesimama!"

Akatazama tena. "Na huu mwingine uko juu."

"Lakini haendi!"

"Anakwenda, Jumbe. Hafiki tu. Mila haikukataza kutofika."

Kwatu. Kwatu. Kwatu. Hatua ishirini zikapita, thelathini zikapita, mia zikapita. Bi Kinyonga alihisi kila kitu chini yake: moyo wa Tufani ukipiga, pumzi ikikatika, na mguu wa nyuma wa kushoto, ule ule uliogoma mwaka mzima, ukianza kutetemeka. Jua lilikuwa bado. Akajua atasimama. Angefanya nini? Hakuwa na nguvu za kumshika farasi asianguke, uzito wake wote ni kama wa embe bichi. Vidole vyake vilitaka kukaza. Hofu yote iliyokuwamo mwilini mwake ilimwambia: kaza, kaza, usimwachie, atakufa!

Akalegeza. Alifungua vidole vya kulia, akafungua vya kushoto, akaukunjua mkia. Akakaa pale mgongoni bila kushika kitu, yeye ambaye tangu siku ya moto hakuwahi kuachia kwa hiari yake.

"Ni zako, mwanangu," akamwambia.

Na Tufani hakusimama. Jamani, hakusimama! Mgongo ukapanda kuliko ulivyowahi kupanda. Mguu wa kushoto ukaacha kutetemeka, ukainuka mwepesi, ukabaki hewani mpaka mtu angeweza kutamka jina lake na la baba yake. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Ngedere walikuwa wameweka mikono vichwani. Mji mzima kwato tu zilisikika, kwatu, kwatu, na kila aliyekuwapo aliona haya kwa kila siku aliyowahi kumcheka kiumbe anayekwenda polepole. Nasema kila aliyekuwapo. Hata Jumbe Fisi, nisimwonee, alisahau njaa. Mate yaliacha kumtoka. Alisimama na kisu chake mkononi akitazama kitu ambacho si cha kula, na hakujua akifanye nini.

Lakini tumbo halikusahau. Ngrrrrr! Jua likagusa ardhi. Jumbe Fisi akazinduka, akaona mwaka mzima wa mtama unazama pamoja nalo.

"Hatua kumi tu!" akalia. "Hatua kumi!" Akatupa kisu, akarudi nyuma, akaja kwa kasi na kifua chake chote ili amsukume Tufani mpaka langoni.

Tufani akamsikia nyuma yake. Hakupiga teke, hakuruka, hakukimbia. Alipishanisha miguu tu, hatua moja ya upande, bila kukosa mdundo. Jumbe Fisi alimgusa mkia kidogo, akapita kama upepo, hatua ya kwanza, ya tano, ya kumi, akaingia langoni kichwa mbele na kuangukia ndani ya sufuria yake mwenyewe. Kwang'!

Bwana Korongo akakohoa.

"Aliyesukuma," akasema, "ameichukua nafasi yake. Na amefika langoni."

Watu wakatazamana. Wakamtazama Fisi sufuriani. Fisi akawatazama wao, kisha akawatazama ndugu zake arubaini, ambao nao hawakuwa wamekula vizuri siku nyingi kwa sababu mtama wote ulikwenda kwa farasi. Ndugu mmoja akalamba mdomo, chwa! Fisi hakungoja wa pili. Akaruka ua wa miiba, ndugu arubaini nyuma yake, na vumbi lao likaonekana mpaka kwenye vilima. Hawakurudi. Kama walimpata sijui, mimi sikwenda huko.

Na jua likazama. Kipande cha mwisho kikaingia ardhini, na mguu wa Tufani ulikuwa hewani.

"Mwana wa mji!" Bwana Korongo akatangaza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akabadilisha mguu kabla ya kumaliza kusema. "Mwana wa mji!" Watu wakapiga vigelegele, wakatupa mikeka njiani. Mama Swala alilia bila kujificha.

Kwatu. Kwatu. Kwatu.

"Tufani," Bi Kinyonga akasema. "Mwanangu, simama. Jua limezama. Umepona."

"Najua, Bibi," Tufani akasema, na hakusimama. "Ngoja kidogo. Ndiyo kwanza naanza kuelewa."

Basi Bi Kinyonga akangoja, mikono wazi, rangi zake zote zikiwaka.

Sasa mafundisho. Hadithi isiyo na mafundisho huwafanya watoto wafikiri wenyewe, na hilo ni hatari. Fundisho ni hili: msijifunze kitu kwa uzuri kupita kiasi. Mtazameni Tufani. Angekuwa mjinga angechinjwa mara moja, akapumzika. Sasa kila harusi anaitwa acheze, kila tohara anaitwa acheze, na mgeni akija, "Muiteni Tufani!" Tena fanyeni mambo yenu haraka, msingoje wala msilegeze, na kila mkimpenda mtu mshikeni kwa nguvu mpaka asisikie. Ndivyo ngano inavyotufundisha, na anayebisha akasimulie yake.

"Ngano imetoka!"

"Imetokea wapi?"

"Mlango wa nyuma!"

"Imeacha nini?"

"Nyayo tu, na zote ziko mahali pamoja!"